Doa Lililo Mbali na Mshono

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani na mimi nilikuwa mpiga pasi wake. Watu walishangaa kwamba mawifi wawili wanaweza kukaa chumba kimoja tangu asubuhi hadi jioni, katikati ya mvuke na mikasi, wasitoane macho. Nilikuwa nawajibu kwamba macho tunatoana, ila kwa zamu. Wateja walimpa jina la Fundi Pindo, kwa sababu pindo lake ulikuwa hujui limeanzia wapi wala limeishia wapi. Mimi niliolewa na mdogo wake wa kiume bila yeye kuulizwa, na jambo hilo hakulisahau. "Kitambaa si kibaya," aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, akinitazama juu mpaka chini. "Ila nahisi kitanywea kikifuliwa." Hivyo ndivyo tulivyoanza kupendana.

Ugonjwa ulimwanzia miguuni, kama ulivyomwanzia mama yake. Mama mkwe wangu nilimuuguza mwenyewe miaka miwili ya mwisho, kwa hiyo sisimuliwi. Vidole vya miguu viliingia ganzi, kisha nyayo, kisha magoti, halafu ganzi ikaruka ikaenda mikononi. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni akaendelea kukoroga chungu chake mpaka mimi nikasikia harufu. Alipofariki alikuwa hawezi kushika kijiko, na moyo wake, tuliambiwa, ulikuwa umekakamaa.

Wifi alikuwepo siku ile ya kaa. Hakuwahi kuisimulia. Lakini tangu hapo, kila asubuhi kabla hajaketi kwenye cherehani, alichukua sindano ya mkono akajichoma ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, akihesabu kwa kunong'ona. Kidole kikimuuma alifurahi. Asubuhi moja nilikuwa natia maji kwenye pasi nikamsikia amenyamaza katikati ya hesabu. Nilipogeuka nikakuta sindano imesimama yenyewe kwenye kidole chake cha shahada, na yeye anaitazama tu.

Hospitalini walimpima damu wakatuambia ni ule ule wa mama, na kwamba ni wa ukoo. Mtoto wa mgonjwa ama anaurithi ama haurithi, nusu kwa nusu. Mume wangu, ambaye alikuwa amekaa pembeni yangu, alisimama akasema anakwenda kununua vocha ya simu. Hakurudi. Nilimkuta nyumbani anatengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Nilimsihi akapime. "Nikishajua," aliniuliza, "nitafanya nini nisichofanya leo?" Tuna watoto wawili. Nikamshikia kiti apigilie msumari.

Daktari wa wifi alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Alipojua anaongea na fundi, aliacha maneno yake makubwa.

"Ini lako linatengeneza protini fulani," alisema. "Kwenye ukoo wenu maelekezo ya kuitengeneza yana kosa. Protini inatoka mbovu, inajirundika kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo. Sasa, maelekezo yenyewe ya asili yamefungiwa ndani kabisa ya seli, hayatoki. Seli inatoa nakala. Sisi tunaiita RNA. Nakala hiyo ndiyo inayokwenda kwa watengenezaji."

"Kama karatasi zangu za kukatia," wifi akadakia. "Ile ya vipimo vya asili naifungia kabatini. Ninayolaza juu ya kitambaa ni nakala."

"Ndivyo hivyo. Dawa yenyewe ni kipande kifupi sana, kimepangwa herufi kwa herufi kiwe kinyume cha sehemu moja ya nakala hiyo. Kikikutana nayo kinaganda hapo hapo, si kwingine. Seli ikiona nakala imegandwa namna hiyo, inaikatakata na kuitupa. Nakala zikipungua, protini inapungua."

"Na ile ya kabatini?"

"Hiyo dawa haiigusi. Ndiyo maana sindano ni kila wiki. Seli haichoki kutoa nakala."

"Kwa hiyo kosa linabaki kabatini."

"Linabaki," daktari akasema.

Tukiwa kwenye ngazi wifi alicheka peke yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwama kwenye yale mengine aliyotuambia daktari mwishoni, akiwa amevua miwani: kwamba dawa hii kwa watu wengine huangusha chembe zinazogandisha damu, na zikishuka sana mtu anaweza kuvuja damu hata ndani ya kichwa. Basi kila wiki lazima damu ipimwe kwanza, namba iandikwe kwenye kadi, ndipo sindano ichomwe. Muuguzi wa kliniki alininyooshea mimi kidole, si mgonjwa. "Wewe ndiye mchomaji. Hakuna namba, hakuna sindano. Umenielewa?" Nilikuwa mchomaji kwa sababu vidole vya wifi havikuwa na nguvu ya kusukuma dawa. Nikaapa.

Miezi kumi na moja nilikuwa mwaminifu kuliko saa ya ukutani. Sindano zilikaa kwenye friji yangu, nyuma ya maziwa. Kila Alhamisi nilibeba moja hadi dukani, nikaiacha mezani nusu saa ubaridi uishe, kisha tukaingia nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo, nikamchoma kwenye nyama ya tumbo. "Polepole, wewe si unapiga pasi hapo," alikuwa ananiambia kila wiki. Na ganzi ilisimama. Nasema ilisimama, sisemi ilirudi nyuma. Lakini katika mwezi wa tisa kidole kimoja kilianza kumuuma tena kikichomwa, na siku hiyo wifi alifunga duka saa tano asubuhi akaenda kutembea mtaani kama mwanafunzi aliyetoroka shule. Tangu hapo alianza kuishika dawa ile kama mtu aliyeokolewa majini anavyoshika mkono wa aliyemvuta.

Kisha zikaja sare. Chuo cha uuguzi kilitupa kazi ya sare arobaini na nane, nyeupe pe, kwa wanafunzi waliokuwa wanahitimu. Foleni ya maabara ilikuwa inakula asubuhi nzima. Wiki ya kwanza wifi akasema damu itapimwa Jumatatu ijayo. Muuguzi alipopiga simu niliipokea mimi, wifi akinikodolea macho na mkasi mkononi, nikasema, "Tunakuja kesho, dada." Hatukwenda. Alhamisi nikamchoma. Wiki ya pili vilevile. Nayasema haya mwenyewe kabla hajanisemea mtu.

Hapa inabidi nieleze jambo la mafundi. Fundi akijichoma na damu ikagusa nguo ya mteja, hakimbilii sabuni. Anatafuna kipande cha uzi mweupe, anakilowesha mate yake mwenyewe, anasugulia doa. Damu yako hutolewa na mate yako, ndivyo wanavyofundishana. Kwa hiyo kumwona wifi anatafuna uzi halikuwa jambo la kunishtua. Mtu mwenye vidole vya ganzi hujichoma mara kwa mara, na nilimtania kwamba sare zile zina damu yake nyingi kuliko kipimo cha maabara. Alicheka. Nakumbuka alicheka kwa kufunga mdomo.

Jumatano ya wiki ya tatu nilikuwa napiga pasi sare ya kumi na tisa. Doa la damu lililosuguliwa nusunusu halionekani nguo ikiwa baridi. Moto wa pasi ndio unaoliibua, linakuja polepole na rangi ya chai. Lilitokea mbele yangu katikati ya mgongo wa sare, duara dogo, safi. Nikakasirika, maana hapo kazi inarudi kwenye karai. Nikainua pasi nimwite nimtukane kidogo. Ndipo mkono ukabaki hewani.

Doa la kidole hukaa karibu na mshono. Lazima, kwa sababu sindano iko kwenye mshono na kidole kiko kwenye sindano. Pia huburuzika, maana mkono hautulii. Hili lilikuwa shubiri nzima mbali na mshono wowote, mahali ambapo hakuna mkono wa fundi unaofanya kazi, na lilikuwa la mviringo. Lilikuwa limedondoka kutoka juu.

Nilishusha pasi pembeni nikaanza kufunua sare nilizokwisha kukunja. Nyingine nilikuwa nimezipitisha mwenyewe, nikiona kivuli cha chai na kujiambia ni kutu ya maji. Nilipata madoa sita. Yote mviringo, yote mahali ambapo kichwa cha mtu huinama anaposhona.  Nikatazama ng'ambo ya chumba. Wifi alikuwa ameinamia cherehani. Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, akautazama mkono, akaufuta kwenye aproni yake nyeusi. Kisha akatoa uzi mdomoni. Ulikuwa mwekundu kabla haujagusa doa lolote.

"Wifi," nikasema. "Fungua mdomo."

"Nina kazi."

"Fungua mdomo nikuone."

Alisimamisha gurudumu la cherehani. Hakuufungua. "Ni fizi tu," akasema. "Mswaki mpya."

"Na pua nayo inapigwa mswaki?"

Tulitazamana. Sijawahi kuona woga wa namna ile kwa mwanamke yule, ambaye alikuwa anafukuza wateja walevi kwa mita ya mbao. Aliinuka, akafunga mlango wa duka, akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Ukiwaambia, wanasimamisha dawa," akasema. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Mama ulimlisha wewe. Ulimfuta wewe. Unataka kunilisha na mimi?"

"Nataka ukapime damu."

"Jumatatu. Sare zikitoka, Jumatatu naenda, naapa kwa kaburi la mama. Kesho nichome tu. Moja tu, wifi. Kidole hiki kinauma sasa, ona," na akachukua pini mezani akajichoma mbele yangu, na kweli uso ukamkunjamana kwa maumivu, na akatabasamu. Palipochomwa pakatoa damu. Tuliisubiri ikatike. Yeye aliongea, akaongea, juu ya vifungo, juu ya kola, na mimi nilikuwa naangalia kidole. Haikukatika.

Sikumwambia mume wangu. Nilijua angekwenda kutengeneza kiti.

Alhamisi nilikuja na sindano. Nilijiambia njia nzima kwamba nimeibeba tu, kubeba si kuchoma. Ikakaa mezani nusu saa, mashine ikiendelea kulia. Nyuma ya pazia alipandisha blauzi. Pale nilipomchoma wiki mbili zilizopita palikuwa na damu iliyovilia chini ya ngozi, mabaka meusi, mapana kama visosi. Akasogeza sketi na nikaona miundi yake. Ilikuwa imejaa vidoa vyekundu vidogo kama vilivyonyunyizwa. 

"Wifi, siwezi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo unataka kuniambia? Nimeshaumbuka mimi. Najua nakufa. Nachagua kipi kitangulie." Alinishika kiganja kwa ile mikono yake isiyojua joto wala baridi. "Damu ni bahati nasibu. Ganzi si bahati nasibu. Ganzi niliiona ikila mtu mpaka mwisho. Nichome."

Naweza kusema nilimhurumia, na ni kweli. Lakini pia niliogopa kumlisha. Niliogopa kile kijiko. Nilibana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, nikachoma, nikasukuma mpaka mwisho. Safari hii hakuniambia polepole.

Ijumaa, saa nne asubuhi, pua ilifunguka. Haikudondoka tena, ilimiminika. Alisukuma sare pembeni kwa kiwiko kwanza, kisha ndipo akajikinga kwa mikono. Nilimbana pua, nikamwinamisha, nikaweka taulo, taulo likajaa, nikaweka lingine. Ilimshukia kooni akawa anaitema. Alikuwa ananitazama juu ya taulo kwa macho makavu kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele mpaka muuza viatu wa jirani akaja na gari.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe za kugandisha damu laki moja na nusu na kuendelea, katika kipimo chao. Wifi alikuwa na elfu tisa. Daktari alitusomea namba hiyo mara mbili, kama vile yeye mwenyewe hakuiamini. Walimwekea chembe za mtu mwingine kwa mrija, wakampa dawa za kuzuia mwili wake usizile, wakatuambia tusubiri. Asipige chafya kwa nguvu. Asikohoe akijizuia. Asipige mswaki, asijikaze chooni, asigeuke ghafla. Kichwa kikimuuma hata kidogo, tuite mtu. Kwa siku tatu nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimwuliza kila dakika kumi kama kichwa kinamuuma, mpaka akaniambia kinachomuuma ni mimi. Kila alipofumba macho nilimwita. Nilikuwa nimesikia kwamba ikivuja ndani ya kichwa mtu anaweza kulala tu asiamke.

Siku ya nne namba ilikuwa elfu sitini. Daktari alikuja alasiri, akavuta kiti, akafungua ile kadi yetu. Mume wangu alikuwa ametoka kununua maji. Daktari alipitisha kidole kwenye mistari iliyokuwa wazi.

"Wiki tatu hakuna namba," akasema. "Na sindano zilizorudishwa hapa toka friji yenu ni tatu pungufu. Nani alichoma?"

Nilifungua mdomo nijibu.

"Mimi mwenyewe," wifi akasema.

 Daktari alitazama mikono ya wifi iliyolala juu ya shuka. Mikono ile ilikuwa haiwezi kufungua kifuniko cha chupa. Kila mtu kliniki aliijua, waliipima kila mwezi kwa kile kifaa cha kubana. Wifi aliona anakotazamwa, akaiingiza chini ya shuka.

"Nilijichoma mwenyewe," akarudia. "Yeye alikataa. Nilimfukuza dukani nikajichoma."

"Si kweli," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Ni mimi, daktari. Niliona madoa, nikajua, na nikamchoma."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatuambia dawa ile imekwisha kwa wifi, hatairudia maisha yake yote. Wifi alimwuliza kama sasa ndiyo anakwenda njia ya mama. Daktari hakumdanganya. Alisema ipo nyingine ya namna hiyo hiyo, iliyotengenezwa ipate kwenda moja kwa moja kwenye ini kwa kipimo kidogo, na kwamba atamwombea dawa hiyo, lakini hawezi kutaja mwezi wala mwaka. "Na ikija," akasema, akinitazama mimi, "haitakwenda nyumbani. Tutachoma hapa. Nimeandika hivyo kwenye faili la familia."

Alipotoka nilisubiri wifi anitukane kwa kumkosesha dawa. Nilistahili. Yeye alikuwa ameuelekeza uso ukutani.

"Mjinga wewe," alisema mwishoni. "Unadhani nilikuwa najisitiri mimi? Nilikuwa nakusitiri wewe. Nilitaka jina lako libaki safi kwao."

"La nini? Wewe si umeshasimamishwa?"

Akanigeukia. "Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja dukani wewe ukiwa sokoni. Aliingia na ndala moja. Ya pili ilikuwa imembanduka huko nje barabarani, na alikuwa anatembea tu, anaongea, anacheka. Hakujua mpaka nilipomwonyesha mguu. Aliniapisha nisikwambie. Sasa yeye atachomwa na nani nyumbani?"

Nilisikia hatua zake kwenye ukumbi kabla mlango haujafunguliwa. Mume wangu aliingia na chupa mbili za maji, akauliza daktari amesemaje. Nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya kamba, vile vya harusi yetu, amezikaza kamba mpaka nyama imevimba juu yake, na alipokuwa anakuja kitandani alikuwa anaangalia chini kila anapokanyaga.